Siku Moja Katika Miamba ya Kolo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyasubi, Kahama)



Mwenyekiti aliponiandikia nije kuzungumza leo aliniachia nichague mada mwenyewe, ila aliweka sharti moja, kwamba nisilete habari za ofisini. Sharti hilo nililipokea kwa furaha. Nitazungumza juu ya matembezi ya siku moja niliyoyafanya mwaka jana kutoka Dodoma, ninakofanya kazi, kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. Ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, wala haikunigharimu zaidi ya mchango wa mafuta na kiingilio. Lakini tangu siku ile kuna jambo limenikaa moyoni, nalo linahusu Kahama kuliko linavyohusu Kondoa. Nitalifikia.

Tulikuwa watu wanne katika gari moja: mimi, mwenzangu mmoja wa kazini, dereva wetu, na mzee mmoja Mjapani, mhandisi mstaafu, ambaye aliwahi kufanya kazi za barabara katika nchi yetu na alikuwa amerudi kutembea tu. Kiswahili chake ni cha kambi za ujenzi: maneno machache, lakini yote ya kazi. Tuliondoka Dodoma alfajiri ya Jumamosi. Wale wenye umri wangu mtakumbuka sifa ya njia hiyo ya kwenda Kondoa na Babati zamani. Wakati wa mvua abiria alisafiri na jembe. Sasa ni lami tupu, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, iliyofunguliwa mwaka 2018. Ilijengwa kwa fedha za Serikali yetu pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani kupitia shirika lake la JICA. Mgeni wetu alikuwa akichungulia mitaro na makalavati kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mara mbili alimwomba dereva asimame ili ashuke kutazama. Dereva alinong'ona kwamba kwa mwendo ule tutafika Kolo siku ya Idi.

Kolo ni kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara hiyo kuu. Hapo pana kituo cha Mambo ya Kale ambapo mgeni hulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Kutoka hapo mnaiacha lami, mnaingia njia ya mawe na makorongo kuelekea mashariki, kisha mnaacha hata gari na kupanda mlima kwa miguu. Nawaambia ukweli, sisi watu wa viti vya ofisini tulihema sana. Mzee yule Mjapani, ambaye alikuwa ametupita sote kwa umri, alitupita pia kwa mwendo.

Watu huita mahali pale mapango, lakini si mapango ya kuingia gizani. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama paa la baraza, ukutani mkavu, chini pana kivuli na vumbi. Katika kuta hizo ndipo ilipo michoro. Kuna twiga, kuna tembo, kuna pofu, yule swala mkubwa, na kuna watu warefu wembamba, vichwa vyao vikiwa vimepambwa kama kwa manyoya au nywele zilizotimka. Mingi ya zamani zaidi ni myekundu, nayo wataalamu huihusisha na wawindaji, mababa wa watu walio jamaa na Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Ile myeupe ilikuja baadaye sana, na inadhaniwa ni ya wakulima na wafugaji. Pana mchoro mmoja maarufu ambao unaonyesha mtu katikati, na wengine pande zote mbili kana kwamba wanamvuta mikono. Mary Leakey, aliyeinakili michoro mingi ya Kondoa mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, aliona ni mwanamke anayenyang'anywa. Wengine waliokuja baadaye na kuzisoma desturi za Wasandawe wanaona huenda ni ngoma ya uganga. Mimi nilisimama mbele yake kwa dakika nyingi. Sikuona ugomvi pale. Lakini mimi si mtaalamu.

Inakisiwa kwamba katika ukingo ule wa Bonde la Ufa pana miamba zaidi ya 150 yenye michoro, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Naomba wanafunzi wa Historia wazingatie kwamba haikuingizwa kwa ajili ya picha peke yake. Iliandikwa pia kwamba wenyeji wanaozunguka miamba hiyo bado wanaitumia kwa ibada zao: kuomba mvua, kutibu wagonjwa, kufanya mila za jando na unyago. Mwamba tuliousimamia sisi, unaoitwa Mungomi wa Kolo, ni mojawapo ya mahali hapo. Kwa lugha ya kwetu tungesema tu kwamba pana mzimu.

Hapa ndipo mabishano yetu yalipoanzia. Mwongozaji alitueleza kuwa wenyeji wanapokuja kutambika huja na mnyama wa kuchinja na pombe ya nafaka, na zamani pombe hiyo ilirushwa ukutani, juu ya michoro yenyewe. Mwenzangu wa kazini aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alisema haiwezekani urithi wa dunia nzima kumwagiwa pombe. Kwamba jambo hilo lipigwe marufuku, pajengwe uzio, na atakayekamatwa apelekwe mahakamani, maana Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Nakiri kwamba kwa sheria hakuwa amekosea. Mchoro uliodumu maelfu ya miaka hauwezi kustahimili pombe na mafuta milele.

Mwongozaji hakumbishia. Alitupeleka mahali pengine akatuonyesha mabaki ya vizimba vya mbao na waya. Zamani za mkoloni, alisema, ilionekana kwamba dawa ni kuifungia michoro kama kuku. Vizimba vikajengwa. Baada ya miaka si mingi mbao zikaondoka, waya zikaondoka, na nadhani zipo nyumba na mabanda kule chini yaliyofaidika sana na uhifadhi huo. Tangu mwaka 1937 miamba ile ni kumbukumbu ya taifa kwa mujibu wa serikali. Lakini kabla ya 1937 kulikuwa na nani? Hakukuwa na mlinzi wa kulipwa wala kibao. Kulikuwa na miiko tu: usikate mti hapa, usipige kelele, usije bila mwenyewe kukuruhusu. Miiko hiyo haikuhitaji misumari.

Mhandisi wetu alikuwa kimya muda wote huo. Alikuwa amevua kofia tangu tulipofika, na kabla hajaingia chini ya mwamba aliinama mara mbili, akapiga makofi mawili taratibu, akainama tena. Mwenzangu akadhani anafanya mzaha. Haukuwa mzaha. Ndivyo wanavyofanya kwao mbele ya mahekalu ya dini yao ya asili iitwayo Shinto. Tulipokaa kivulini kula mihogo tuliyonunua njiani akatueleza, kwa Kiswahili chake cha kambini na Kiingereza kidogo, mambo ambayo ningependa na ninyi myasikie.

Alisema kwamba karibu na mji wa Nara liko hekalu la kale sana liitwalo Omiwa, ambalo halina jumba kuu la kuhifadhia mungu wake, kwa sababu mlima ulio nyuma yake ndio wenyewe unaoabudiwa. Mlima huo unapandwa kwa ruhusa, huku mgeni amevaa utepe shingoni, wala haruhusiwi kupiga picha wala kula humo. Na hekalu hilo ndilo ambalo wapikaji wa sake, pombe yao ya mchele, wanalitukuza kuliko mengine yote. Mwenzangu alipolisikia neno pombe aliacha kutafuna. Mzee akacheka. Akasema, kwao mapipa ya sake hupangwa mbele ya mahekalu, na hakuna waziri aliyewahi kushangaa.

Akatueleza pia habari za Ise, mahali patakatifu kuliko pote katika nchi yao. Majumba ya hapo ni ya mbao na paa la nyasi, na kila baada ya miaka 20 hujengwa upya, kwa ramani ile ile, katika kiwanja cha pembeni, kisha lile la zamani linabomolewa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, nayo ilihesabiwa kuwa ya 62. Nilimwuliza, sasa jengo hilo ni la kale au ni jipya? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mto Malagarasi ni wa zamani au ni wa leo. Alisema kilicho cha kale pale ni mafundi. Kijana anajifunza akiwa na miaka ishirini na kitu, anasimamia akiwa na arobaini, anafundisha akiwa na sitini. Wakiacha mara moja tu, ujuzi umekatika.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Akasema: "Wenyewe wako wapi?" Alimaanisha wale wanaotambika. Alikuwa amekutana na mwongozaji, amekutana na mkata tiketi, amesoma kibao. Alitaka kumwona mwenye mahali. Mwongozaji akatuambia kwamba wazee wanaojua desturi zote za mzimu ule wamebaki wachache, na vijana wao wengi wako mijini. Baada ya hapo hata mwenzangu hakusema tena habari za mahakama. Alisema, na mimi nakubaliana naye, kwamba yafaa wazee na serikali wakae pamoja wakubaliane pombe imwagwe chini, mbali na ukuta. Jambo dogo kama hilo haliwezi kuwashinda watu wazima, mradi kila upande umkubali mwenzake kuwa ana haki pale.

Adui mkubwa zaidi wa mahali pale, kwa maoni yangu, si pombe, ni sururu. Ninyi wa ukanda huu wa dhahabu mtanielewa upesi. Chini ya baadhi ya miamba ile pana mashimo, na mashimo hayo hayakuchimbwa na wanyama. Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa vita hapo Kondoa na kurudi nyuma, na tangu wakati ule uvumi umeenea kwamba walizika mali. Uvumi una mizizi yake: ni kweli kwamba mwaka huo huo Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Basi watu wanakuja usiku na sururu na kupekua udongo wa miambani. Sijasikia aliyepata hata rupia moja. Ila udongo wenyewe ulikuwa mali. Katika mwamba mmoja wa Kisese, huko huko Kondoa, wachimbaji wa elimu ya kale mwaka 1956 walitoa tabaka juu ya tabaka za maisha ya watu, na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba tabaka za chini zinapita miaka 40,000. Ukiupindua udongo kama huo kwa usiku mmoja, hakuna profesa atakayeweza kuupanga tena. Ni sawa na kuchana kitabu ukitafuta noti ndani yake.

Nimesahau kuwaambia uzuri wa mahali. Kutoka chini ya mwamba unatazama mashariki, unaona milima ya Irangi ikishuka, kisha nchi tambarare ya Wamasai ikienda hadi inapopotea katika ukungu wa joto. Mibuyu imesimama mmoja mmoja. Upepo unapanda kutoka bondeni, na tulipokaa kimya tulisikia kengele za mbuzi ambao hatukuwaona. Nchi ile iliwahi kuwa mfano mbaya wa mmomonyoko wa udongo katika Tanzania nzima. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa kutoka sehemu zilizoharibika sana. Ilikuwa amri kali, watu waliumia, na bado wapo wanaoikumbuka kwa uchungu. Leo makorongo mengi yameota nyasi na miti. Nilipokuwa nikiyatazama nikawa naona Shinyanga.

Ndugu zangu, sasa nimefika nyumbani. Sisi tumezaliwa katika nchi ambayo miti yake ilikatwa mara nyingi. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa makusudi kufukuza mbung'o. Yakaja mashamba ya pamba, ikaja mifugo mingi, ikaja kuni. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI, ngitili zilizokuwa zimehesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mnajua ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi haukuleta jambo geni, uliwaambia watu warudie walichokuwa wakikifanya babu zao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 makisio yalikuwa yamepita hekta 300,000. Na waliosimamia hawakuwa mabwana misitu peke yao. Walikuwa wazee wa dagashida na sungusungu, kwa faini za kimila.

Lakini kabla ya ngitili, pembeni ya ngitili, kulikuwa na aina nyingine ya msitu: vile vijisitu vya matambiko, walikozikwa watemi au palipotambikiwa mvua, ambavyo sisi wadogo tulikatazwa hata kuokota kuni ndani yake. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Miaka ya 1970 watu wakahamia katika vijiji, na makaburi mengi yakabaki porini bila jirani. Halafu ikaja bei ya mkaa. Nani atakiogopa kijisitu ambacho hajui kina nani? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 juu ya vijisitu vya Wanyamwezi wilayani Urambo, majirani zetu, ulionyesha kuwa vina aina nyingi zaidi za miti kuliko sehemu za hifadhi ya serikali zilizolinganishwa navyo. Maana yake ni kwamba ile hofu ya babu zetu ilikuwa ikitunza mbegu na dawa ambazo kwingine zimekwisha.

Najua baadhi yenu hapa ni wachungaji, na wengine ni masheikh, na pengine mnajiuliza kama nimekuja kuwaita watu warudi kwenye kafara. La. Mimi mwenyewe Jumapili naenda kanisani. Mjapani yule alipiga makofi yake mawili, mimi sikuyapiga. Lakini nilivua kofia, na sidhani kama kuna dini inayokataza kuvua kofia. Kuheshimu mahali ambapo watu waliomba mvua wakati mimi sijazaliwa hakunipunguzii imani yangu chochote.

Ninaloomba ni dogo, nalo limepata idhini ya Mkuu wa Shule. Wanafunzi wa Historia na wa Jiografia, kila anayekwenda likizo nyumbani kwao, iwe Ushetu, iwe Msalala, iwe Bukombe au Mbogwe, aulize kama pana kijisitu cha aina hiyo. Akiambiwa kipo, aombe ruhusa kwa wazee kwanza. Asiulize siri za ibada, hizo si zetu. Aandike jina la mahali, jina la miti kwa lugha ya nyumbani, ukubwa kwa hatua za miguu, miiko inayojulikana kwa wote, na ni ukoo gani unaopalinda. Wapo kati yetu wazee waliostaafu katika idara za misitu, na wawili wameniahidi asubuhi hii kwamba watasaidia kutafuta majina ya kitaalamu ya miti. Kama kazi itafanyika vizuri, mimi na wenzangu walioko Dodoma tutachangia nauli ya wanafunzi kumi kwenda Kolo likizo ijayo. Watalala Kondoa, maana kutoka huku haiwezi kuwa safari ya siku moja.

Daftari nimekuja nalo, na nimekwisha kumkabidhi mwalimu wa Historia. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe: ni kijisitu cha upande wa mama yangu, hatua 120 kwa 80, na sehemu ya kusini imekwisha kulimwa mahindi. Miti nimeiandika kumi na tisa. Mahali pa kuandika jina la mlinzi nimepaacha wazi, kwa sababu mzee aliyekuwa akikilinda amefariki, na watoto wake wako machimboni Kakola. Nimeambiwa mjukuu wake mmoja yuko hapa shuleni, Kidato cha Pili. Baada ya chakula ningependa kuonana naye.